Ploti ya Kupangisha Nakuru au Kisumu: Umlipe Mwenye Nyumba Mdogo Mdogo, au Ukope SACCO au Benki?

Ukizunguka Nakuru ukitafuta ploti ya kupangisha, yaani kiwanja chenye vyumba vya wapangaji, hutamaliza siku kabla broka hajakwambia, "Huyu mwenyewe anakubali mdogo mdogo." Maana yake benki haihitajiki. Unatoa kianzio, mnakubaliana juu ya baki, kisha kila mwezi unamtumia mwenye nyumba pesa zake mpaka deni liishe. Muuzaji ndiye huyo huyo mkopeshaji. Kisumu mpango huu upo, Kakamega upo, na sababu yake haijajificha: wanaoweza kununua ploti ya mamilioni kwa pesa taslimu ni wachache, na wanaopewa mkopo wa nyumba na benki ni wachache zaidi. Ripoti ya Benki Kuu ya mwaka 2023 ilihesabu mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika Kenya nzima.

Wanunuzi wengi hulinganisha njia hizi kwa riba. Benki inataka asilimia ngapi, SACCO (chama cha akiba na mikopo) ngapi, na mzee mwenye nyumba ameongeza ngapi juu ya bei? Hesabu hiyo ni ya lazima, na ndiyo nitaanza nayo. Ila ukiimaliza utaona kwamba mwenye nyumba mara nyingi ndiye mkopeshaji wa bei nafuu kuliko wote watatu, na bado watu huumia kwake kuliko kwa benki. Huumia kwa sababu hawakuuliza kodi ya wapangaji itaingia mfuko wa nani, wala hati italala wapi kwa ile miaka ambayo deni halijaisha.

Ploti moja, wakopeshaji watatu

Tuchukue ploti ya mfano, iwe Kiamunyi au Mamboleo, haidhuru. Ina bedsita 10, kila moja inalipiwa 6,000 kwa mwezi. Bei ya taslimu ni 7,200,000. Mkononi una 2,400,000, kwa hiyo umepungukiwa na 4,800,000.

Kabla ya kuuliza nani atakukopesha, jua ploti yenyewe inaleta nini. Zikijaa zote ni 60,000, lakini usihesabu hivyo. Chukulia moja iko tupu, upate 54,000. KRA, mamlaka ya mapato, wanataka asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba uliyopokea, kabla hujatoa gharama hata moja. Ndicho kiwango tangu Januari 2024 kwa mwenye kodi ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hapo zinatoka 4,000 na kidogo. Msimamizi wa ploti, taka, taa za nje, maji, bomba lililopasuka mwezi huu na kufuli lililovunjwa mwezi ujao: weka 14,000. Kinachobaki ni 36,000 hivi. Hizo ndizo ploti itachangia kulipa deni lake. Zinazozidi hapo ni jasho lako.

Benki nimeiwekea riba ya asilimia 15. SACCO nimeipa asilimia 12 kwa mwaka kwa deni linalobaki, kiwango ambacho SACCO nyingi hutoza. Mwenye nyumba hasemi neno riba. Amepandisha tu bei kutoka 7,200,000 hadi 7,800,000 kwa sababu utalipa polepole.

| | Mwenye nyumba | SACCO | Benki |
|---|---|---|---|
| Muda | miaka 4 | miaka 5 | miaka 15 |
| Malipo ya kila mwezi | 112,500 | 106,800 | 67,200 |
| Unaongeza kutoka mfukoni | 76,500 | 70,800 | 31,200 |
| Jumla ya kulipa baki | 5,400,000 | 6,400,000 | 12,100,000 |

Ile 600,000 aliyoongeza mwenye nyumba, ukiigeuza kuwa riba ya deni linalobaki, inatoka karibu asilimia 6 kwa mwaka. Ingebidi aongeze kama 1,270,000 ndipo awe ghali sawa na SACCO. Kwa hiyo ukisikia mtu akilalamika kwamba mzee "amepandisha bei sana", mwambie akae chini na kikokotoo kwanza.

Kuna jambo moja la kupunguza furaha hiyo. Mwenye pesa taslimu mkononi ana sauti. Ukija na hundi ya SACCO, huenda mzee yule yule akakubali 6,800,000. Hapo nyongeza ya kweli ya kulipa polepole inakuwa milioni moja, na riba iliyojificha inapanda hadi kama asilimia 10. Usimuulize muuzaji bei moja, basi. Muulize bei mbili, ya leo na ya polepole, na umuulize ya leo kabla hajajua kwamba huna.

Pia itazame mistari ya katikati ya jedwali. Kuongeza 76,500 kila mwezi kwa miaka 4 si mchezo kwa mtu wa mshahara. Benki ni ghali kupindukia kwa jumla, lakini ndiyo pekee inayokuachia pesa ya kula. Unaweza kumwomba mwenye nyumba miaka 8. Mkikubaliana riba ya wazi ya asilimia 12, malipo yanashuka hadi 78,000 hivi kwa mwezi. Wazee wengi husita kwa muda mrefu hivyo, na si ajabu: mtu wa miaka 70 anayekukopesha hadi miaka 78 anafanya hesabu ambayo hataki kuisema kwa sauti.

Faida nyingine ya mwenye nyumba ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye mkataba haitembei. Riba ya benki hutembea. Kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13 Februari 2024 kabla ya kuanza kushuka Agosti mwaka huo, na waliokuwa na mikopo wakati huo waliona malipo yao yakipanda pasipo wao kukopa hata shilingi zaidi.

Kodi inaingia mfuko wa nani?

Hapa ndipo ile asilimia 6 nzuri inapogeuka.

Mikataba mingi ya mdogo mdogo huandikwa kana kwamba kinachouzwa ni shamba tupu: mnunuzi atakabidhiwa mali baada ya kumaliza kulipa. Kwa kiwanja kisicho na kitu, sawa. Kwa ploti yenye wapangaji, maana yake ni kwamba mzee ataendelea kukusanya kodi kwa miaka 4 huku wewe ukimlipa 112,500 kila mwezi, na 2,400,000 zako tayari ziko kwake. Unapoteza ile 36,000 kila mwezi, jumla 1,728,000. Piga hesabu upya na mpango uliokuwa wa asilimia 6 unakuwa sawa na mkopo wa karibu asilimia 21 kwa mwaka. Hata benki ya jedwali letu ilitaka 15 tu.

Ndiyo maana swali la kwanza kwenye meza, kabla ya bei, ni hili: "Mzee, tukisaini, kodi ya mwezi ujao nani atakusanya?" Akisema yeye, mna mawili ya kujadili. Ama kodi yote anayokusanya ikatwe kwenye deni lako kila mwezi, ikiandikwa, ama bei ishuke kwa kiasi cha kodi hiyo. Akikataa yote mawili, umeshapata jibu lako.

Mkikubaliana kwamba ni wewe, kuna vitu vidogo ambavyo visipoandikwa vitakufuata. Amana za wapangaji ni kimoja. Bedsita 10 zenye amana ya mwezi mmoja ni 60,000, na pesa hizo alizipokea mwenye nyumba wa zamani, pengine akazitumia kulipa karo 2019. Mpangaji atakapohama atakudai wewe. Kata kiasi hicho kwenye kianzio. Bili ya maji ni kingine: iwe ni KIWASCO Kisumu au NAWASSCO Nakuru, soma mita siku ya kukabidhiwa na mwandike nambari kwenye mkataba. Kisha barua kwa wapangaji, iliyosainiwa na muuzaji, ikiwaambia kuanzia tarehe fulani walipe wapi. Bila barua hiyo wengine wataendelea kumtumia mzee kwa M-Pesa kwa mazoea, naye ataendelea kupokea kwa mazoea.

Na usikubali orodha ya kodi iliyochapwa vizuri na broka. Omba daftari la msimamizi. Kwenye ploti halisi daftari hilo ni la mazoezi, jalada limelainika, majina ya wapangaji yamepigwa mstari na mengine kuandikwa juu yake, pembeni kuna "bal 1500" na "atalipa tarehe 12". Ukiona kurasa za mwaka mzima zina mwandiko mmoja, wino mmoja, na kila mtu amelipa tarehe 5, weka daftari chini. Lililoandikwa wiki iliyopita halina uchafu. Baada ya hapo tembea mlangoni mwa kila chumba jioni. Nyumba yenye mtu hujulikana: kamba ya nguo, harufu ya kitunguu, redio. Vyumba vitatu vyenye mapazia lakini havina taa saa moja usiku ni vyumba vilivyovishwa kwa ajili yako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ploti iliyonunuliwa kwa daftari la uongo hupotea habari ikiwepo.

Hati iko wapi miaka yote hiyo?

Ukikopa benki, hati inahamishwa kwa jina lako siku ya kwanza, na benki inasajili rehani juu yake. Wewe ni mmiliki mwenye deni. Ukikopa SACCO kwa wadhamini, hati ni yako kabisa, na anayeumia ukishindwa ni wadhamini wako, ambao ni wenzako wa kazini. Hilo nalo lina uchungu wake.

Kwa mwenye nyumba kuna njia tatu, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti kati ya benki na SACCO.

Ya kwanza, hati inahamishwa kwako mara moja na muuzaji anasajili rehani kwa kiasi kilichobaki, kama vile benki ingefanya. Wauzaji wachache hukubali, kwa sababu wanaona kama wametoa mali kwa ahadi. Lakini muuzaji aliyeeleweshwa vizuri na wakili wake hana cha kuogopa: rehani iliyosajiliwa inamlinda. Ukiipata njia hii, ichukue, hata kwa kuongeza bei kidogo. Utalipa ushuru wa stempu mapema, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini na 2 kwa ya mashambani, lakini utalipa kwa thamani ya leo. Anayehamisha baada ya miaka 4 atakadiriwa na mthamini wa serikali kwa thamani ya wakati huo.

Ya pili, hati na fomu za uhamisho zilizosainiwa zinakaa kwa wakili mpaka umalize. Wakili wa nani? Watu wengi Nakuru na Kisumu hutumia wakili mmoja kwa pande zote mbili ili kuokoa ada, na wakili huyo mara nyingi ni wa muuzaji tangu zamani. Okoa pesa kwingine. Mkataba wa miaka 4 unahitaji wakili wako mwenyewe anayesoma kila mstari akitafuta jinsi utakavyodhulumiwa.

Ya tatu ndiyo ya kawaida na ndiyo mbaya: hati inabaki kabatini kwa muuzaji, wewe una karatasi ya makubaliano. Ikibidi uwe hapa, angalau sajili kizuizi, kile watu huita kaveati, kwenye ofisi ya ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mnunuzi kufanya hivyo. Kizuizi hakikufanyi mmiliki, lakini muuzaji hawezi kumuuzia mwingine au kuchukulia hati mkopo bila jina lako kuibuka. Bila hicho, anaweza.

Na kabla ya yote fanya sachi, yaani ukague rekodi ya hati hiyo kwenye ofisi ya ardhi. Ukikuta hati tayari ina rehani ya benki, maana yake muuzaji naye anadaiwa, na pesa unazomtumia kila mwezi zinaweza zisifike benki. Wewe utakuwa unalipa bila kukosa siku hata moja, na madalali watakuja kuuza nyumba kwa deni lisilo lako. Kwa mali ya namna hii kubali tu kama kianzio chako kinalipwa moja kwa moja kwa benki hiyo na rehani kuondolewa kabla ya malipo mengine.

Tofauti inaonekana zaidi siku mambo yakiharibika. Umefutwa kazi, miezi mitatu hujalipa. Ukiwa na mkopo wa benki, Sheria ya Ardhi ya 2012 pamoja na kanuni za madalali zinakupa ngazi za kushuka polepole: notisi ya miezi 3, kisha notisi ya kuuza ya siku 40, kisha notisi ya siku 45 ya madalali wa mnada. Katika muda huo unaweza kuuza mwenyewe. Mnada ukifika, benki inabanwa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, na kinachozidi deni ni chako.

Kwa mkataba wa mwenye nyumba, kilichoandikwa ndicho kitakachokuokoa au kukuzamisha. Kipengele cha kawaida kinasema notisi ya siku 21, ukishindwa mkataba umevunjika, na muuzaji anabaki na asilimia 10 ya bei kama fidia. Kwenye mfano wetu hiyo ni 780,000. Nyingine utarudishiwa "muuzaji atakapopata mnunuzi mwingine", maneno ambayo hayana tarehe. Kuna mikataba mibaya zaidi inayosema pesa zote zilizolipwa zinapotea. Sheria inamruhusu mnunuzi aliyekwisha kukabidhiwa mali kuiomba mahakama imwokoe na uvunjaji huo, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Nakuru, Kisumu na Kakamega, lakini kesi ya ardhi si ya wiki mbili. Jadili kipengele hiki wakati bado mnacheka pamoja: miezi 3 ya notisi badala ya siku 21, haki ya kumleta mnunuzi mwingine achukue nafasi yako, na tarehe halisi ya kurudishiwa pesa. Mimi ningetoa 200,000 zaidi kwenye bei ili kupata hayo matatu.

Kuhusu kifo, watu hawapendi kulitaja mbele ya mzee, lakini wakili wako lazima alitaje. Muuzaji akifariki mwaka wa pili, mkataba haufi, ila hati sasa ni ya marehemu. Familia itafungua kesi ya urithi, na ardhi haiwezi kuhamishwa mpaka uthibitisho wa urithi utolewe, ambao kwa kawaida haupatikani kabla ya miezi 6 tangu wasimamizi wateuliwe. Watoto wakivutana, ni miaka. Hati ya uwakili aliyokusainia kwa kawaida inakufa naye. Mjane ambaye hakuwahi kuona mkataba wako atauliza, "Huyu naye ni nani?" Kwa hiyo mke asaini, na kama kuna wake wawili wasaini wote wawili, na mtoto mkubwa awe shahidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mwenzi kwa mali ya ndoa hata hivyo. Anayekwambia "mambo ya familia niachie mimi" anakuachia wewe.

Nakuru kuna yake, Kisumu kuna yake

Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka Nakuru ilinunuliwa miaka ya 1960 na 1970 na kampuni za kununua ardhi, wanachama wakapewa vyeti vya hisa. Mpaka leo kuna ploti zenye nyumba nzuri za ghorofa ambazo karatasi yake ni cheti cha hisa cha babu wa mtu. Benki haigusi karatasi hiyo. Ndiyo maana ploti za namna hii hujaa kwenye soko la mdogo mdogo. Ukisikia muuzaji anakubali kulipwa polepole, uliza kwanza kama ana huruma au ana karatasi ambayo hakuna mkopeshaji mwingine atakayeikubali. Bei yake iwe chini kwa kiasi kinachoonekana, na sharti la hati kutoka liwe kwenye mkataba pamoja na tarehe.

Upande wa magharibi mwa mji wa Nakuru kuna pia nyufa za ardhini zinazofunguka mvua ikizidi. Na maji ya visima mengi yana floridi nyingi. Mpangaji mwenye watoto wadogo atauliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Mthamini wa benki angekwambia haya. Mwenye nyumba hatakwambia, kwa hiyo mlipe mthamini wako mwenyewe hata kama hakuna anayekulazimisha.

Kisumu shida ni nyingine. Manyatta na Nyalenda ni ardhi za familia zilizomezwa na mji, na si ajabu sachi ikakurudishia jina la mtu aliyezikwa zamani. Anayekuuzia ni mwanawe, anakaa hapo, majirani wote wanamjua, hakudanganyi. Lakini kisheria hana cha kuuza mpaka urithi uthibitishwe. Kumlipa mdogo mdogo huku akiahidi "nitashughulikia mambo ya korti" ni kumkopesha pesa bila dhamana. Mpe kiasi kidogo cha kulipia kesi ya urithi kama unaipenda sana ploti hiyo, kwa mkataba wa mkopo, na mkataba wa kununua usubiri. Kwa zile za karibu na ziwa, angalia alama za maji ukutani: mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kuliko kawaida, na nyumba zilizofikiwa wakati huo zinajulikana na kila mama mboga wa mtaa huo.

Ukitoka nje ya mji, Njoro karibu na Egerton au Maseno karibu na chuo, huenda hati ikawa ya ardhi ya kilimo ingawa juu yake kuna bedsita 20. Hapo inahitajika idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yanatakiwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini, mkataba ni batili, unabaki na haki ya kudai pesa zako tu. Watu wa kulipa kwa miaka 4 hudhani bodi ni ya mwishoni. Nenda mwanzoni.

Lini SACCO, lini benki

SACCO haina mengi ya kuelezwa. Nyingi hukupa mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo mkopo wa 4,800,000 unadai akiba ya 1,600,000 ambayo hutaigusa. Mtu mwenye 2,400,000 kwenye akaunti ya kawaida na 200,000 kwenye SACCO hana njia hii leo. Anaweza kuijenga kwa miaka miwili. Aliye nayo tayari, na mshahara wa kubeba malipo makubwa, na wenzake watano wanaokubali kusaini, asihangaike na mengine. Anakwenda kwa muuzaji na pesa, anashusha bei, anaondoka na hati.

Benki inamfaa mwenye mapato ya juu na ploti safi: hati ya jina la muuzaji, michoro iliyoidhinishwa na kaunti, barabara inayopitika. Ile mikopo ya riba nafuu inayopitia KMRC, kampuni ya kuzipa benki na SACCO fedha za mikopo ya nyumba iliyoanzishwa 2018, inalenga nyumba ya kuishi mwenyewe, usiiwekee matumaini kwa ploti ya wapangaji. Kwa kiwango cha asilimia 15 na kodi ya asilimia 10 ya bei kwa mwaka, ploti haitajilipia. Utaibeba mgongoni miaka mingi. Kinachoweza kuifanya iwe na maana ni kulipa kwa kasi zaidi kila ukipata kitu.

Mwenye nyumba ningemchagua pale ambapo yeye mwenyewe ana sababu ya kutaka malipo ya mwezi: amestaafu, watoto wako mbali, hataki tena kugombana na wapangaji, na milioni 7 kwa mkupuo zingemsumbua kuliko kumsaidia. Mtu kama huyo anauza mapato kwa mapato, na mtaelewana. Anayetaka kianzio kikubwa kwa haraka kabla ya Ijumaa, halafu anasema baki "tutaongea", ana shida ambayo hajaitaja.

Muulize pia kodi ya faida ya mtaji nani atalipa. Ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, na ni ya muuzaji, lakini wazee kadhaa husema bei yao ni "ya mkononi" wakitegemea mnunuzi aibebe. Na kama ploti ni ya wanafunzi, Maseno au Lurambi pale Kakamega, usisaini malipo sawa kila mwezi. Vyuo vikifunga vyumba hubaki na ufunguo tu. Panga malipo madogo kwa miezi ya likizo na makubwa wanafunzi wakirudi, orodha yote ya tarehe na kiasi iwe nyuma ya mkataba, na kila malipo yaende kwa akaunti ya benki yenye jina la muuzaji, kamwe yasiende kwa simu ya mtoto wake.